Filamu za Katuni za Krismasi za Kutazama Nyumbani: Ipi Inunuliwe Kwanza

Mzazi anayenunua filamu ya katuni ya Krismasi kwa ajili ya nyumba inayozungumza Kiswahili hukabiliwa na jambo ambalo orodha za Marekani na Uingereza hazina sababu ya kulitaja. Karibu filamu zote hizi zimetengenezwa kwa Kiingereza, ilhali sebuleni huwapo mtoto wa miaka minne asiyekielewa, bibi asiyependa kufukuzana na maandishi yanayopita chini ya skrini, na kijana wa sekondari anayeelewa yote na kuchoka upesi. Kwa sababu hiyo, kabla ya umaarufu wa filamu au wingi wa tuzo zake, nimeangalia kwanza kama hadithi yake inafuatika kwa macho. Nimeangalia pia kama inastahimili kurudiwa, kwa kuwa filamu ya Krismasi inayotazamwa mara moja tu ni ghali hata ikiuzwa kwa bei ndogo.

Nafasi ya kwanza naipa Klaus ya mwaka 2019, iliyoongozwa na Sergio Pablos na kutengenezwa katika studio yake mjini Madrid. Jesper ni kijana mvivu wa familia tajiri ambaye baba yake, mkubwa wa posta, anampeleka katika mji wa Smeerensburg, kisiwani kaskazini kabisa mwa dunia, na kumwamuru apitishe barua 6,000 ndani ya mwaka mmoja. Mji huo umegawanyika katika koo mbili zenye uhasama wa vizazi na vizazi. Hakuna anayemwandikia mwenziwe barua, na mwalimu Alva amegeuza shule kuwa duka la samaki kwa sababu wazazi hawakubali watoto wao wakae chumba kimoja na watoto wa mahasimu. Mambo hubadilika watoto wanapogundua kwamba fundi mpweke aishiye msituni, Klaus, ana ghala la vichezeo, na kwamba anayetaka kimoja sharti aandike barua. Wasiojua kuandika wanarudi kwa mwalimu, na duka la samaki linaanza kuwa shule tena. Sijaona filamu nyingine ya Krismasi inayoeleza thamani ya kusoma kwa namna ambayo mtoto anaielewa bila kuhubiriwa.

Yumo pia binti wa Kisami, yaani wa watu wa asili wa kaskazini mwa Ulaya, aitwaye Márgu, anayezungumza lugha yake mwenyewe. Jesper haelewi anachosema, watazamaji wengi wa Kiingereza nao hawaelewi, lakini hamu yake ya kupata kichezeo inaonekana usoni na mikononi. Katika sehemu hizo mtoto wa Tabora na mtoto wa London wako sawa kabisa mbele ya skrini. Picha zake zilichorwa kwa mkono, kisha zikatiwa mwanga na vivuli kwa kompyuta, na kazi hiyo ilipata tuzo ya filamu ya Uingereza, BAFTA, ya filamu bora ya katuni na kuteuliwa kuwania Oscar. Mzazi ajue mapema kwamba huzuni imo: Klaus amefiwa na mkewe, na vichezeo vile vilikusudiwa watoto ambao hawakujaliwa kuwapata. Ni vyema mtu mzima aitazame peke yake kwanza ili awe tayari kwa maswali. Ajue pia kwamba hii ni filamu ya Netflix, hivyo anacholipia ni mwezi wa huduma. Huduma ikikoma, filamu nayo inaondoka nyumbani.

Ya pili ni The Snowman, iliyoonyeshwa mara ya kwanza mwaka 1982 na kituo cha Channel 4 cha Uingereza kutokana na kitabu cha Raymond Briggs. Ina dakika 26 na haina mazungumzo. Maneno yanayosikika katika hadithi yenyewe ni ya wimbo mmoja tu, wakati mvulana na mtu wa theluji aliyemtengeneza wanaporuka angani usiku. Kwa familia zetu huu ni ununuzi salama kuliko yote, kwa kuwa bibi na mjukuu wanapata hadithi ileile kwa wakati uleule bila mkalimani. Ingalikuwa ya kwanza kama si mwisho wake: asubuhi mvulana anakuta theluji imeyeyuka. Watoto ambao hawajawahi kuigusa theluji, au ambao huiona kwa mbali tu kileleni Kilimanjaro, huenda wasitambue kilichotokea, na wanaotambua hulia. Waelezwe mapema kwamba theluji ni maji, na kwamba jua likitoka hurudi kuwa maji.

Arthur Christmas ya mwaka 2011, kazi ya studio ya Aardman ya Uingereza, nimeiweka ya tatu kwa sababu moja tu, nayo ni kasi ya mazungumzo yake. Mtoto asiyejua Kiingereza atakosa nusu ya vichekesho. Hata hivyo, kwa nyumba yenye watoto wa miaka minane na kuendelea, ndiyo ningeinunua kabla ya zote, maana kupitia familia ya Baba Krismasi inahusu jambo linalofahamika katika kila ukoo unaokutana Desemba: babu asiyekubali kwamba zama zake zimepita, baba asiyetaka kung'atuka, kaka mkubwa anayeamini mitambo, na mdogo mtu anayedharauliwa. Zawadi ya msichana mmoja wa Uingereza imesahaulika, na mfumo mzima unasema kosa moja kati ya mamilioni si kitu. Arthur peke yake anakataa, akamchukua babu na kigari cha zamani cha kuvutwa na kulungu, wakapotea njia hadi mbugani Afrika kati ya simba. Ina dakika 97 na hailegei hata mahali pamoja.

Familia inayotaka habari ya kuzaliwa kwa Yesu ina chaguo mbili zinazofaa. A Charlie Brown Christmas ya mwaka 1965 ina dakika 25, na kilele chake ni mtoto aitwaye Linus kusimama jukwaani na kukariri Luka sura ya 2, kuanzia mstari wa 8 hadi wa 14. Filamu ikisimamishwa hapo na mmoja wa watoto wa nyumbani akasoma mistari hiyo katika Biblia ya Kiswahili, kizuizi cha lugha kinapungua sana. The Star ya mwaka 2017 inasimulia safari ya Yusufu na Mariamu kupitia macho ya punda, na ni rahisi zaidi kwa wadogo, ingawa imeongeza mengi yasiyomo katika Injili na ina mbwa wawili wakali wa mtumishi wa Herode wanaoweza kuwatisha. Kwa uzuri wa kazi naitanguliza ya kwanza. Kwa mtoto wa miaka mitano, ya pili.

Grinch, hadithi ya kiumbe anayeichukia Krismasi, inafuata, na hapa mnunuzi asome mwaka kwenye jalada. Ipo katuni ya televisheni ya mwaka 1966, ipo filamu ya waigizaji ya mwaka 2000, na ipo katuni ya studio ya Illumination ya mwaka 2018. Ya 1966 ni bora kisanaa lakini imejengwa juu ya vina vya Kiingereza, kwa hiyo kwetu ya 2018 inafaa zaidi.

The Polar Express ya mwaka 2004 naiweka nyuma: treni inapendeza, lakini nyuso za watu zilizonakiliwa kwa kompyuta kutoka kwa waigizaji hazina uhai. The Nightmare Before Christmas ya mwaka 1993 ni kazi kubwa ya vikaragosi, ila mifupa na mizimwi yake haiwafai walio chini ya miaka minane au hivi.

Kuhusu namna ya kununua, ndugu wa Marekani akituma DVD, mara nyingi itakuwa ya kanda (yaani eneo la dunia ambalo diski imeuziwa) namba 1, ya Uingereza ni namba 2, na deki nyingi za Tanzania, Kenya na Uganda zimetengenezewa namba 5. Deki isiyosoma kanda zote itaikataa. Blu-ray ya Uingereza haina tatizo hilo, kwa kuwa Ulaya na Afrika ziko pamoja katika kanda B. Nakala za kupakiwa kwenye flashi katika maktaba za video sizishauri: licha ya haki za watengenezaji, nyingine zina sauti ya msimuliaji inayofunika muziki, na The Snowman bila muziki wake imekwisha. Kwa wanaotegemea bando, filamu ya ubora wa juu huweza kula hadi GB 3 kwa saa, yaani karibu GB 5 kwa Klaus nzima, kwa hiyo ipakuliwe siku kadhaa kabla ya mkesha, mahali penye intaneti isiyo na kikomo, kisha ichezwe kwa dakika chache kwenye runinga ileile itakayotumika.