Skima kwenye tangi la maji chumvi: uzoefu wangu

Skima ni kifaa kinachotoa uchafu majini kwa kutumia mapovu; yangu ni ile ndogo ya kuning'iniza nyuma ya kioo. Naitumia Mombasa, kwenye tangi la lita 200 lenye samaki watatu (klaunifishi wawili na gobi mmoja) na matumbawe laini. Nina nayo zaidi ya mwaka, na hela niliyotoa siijutii.

Zamani nilitegemea kichujio cha sponji na pamba. Maji yalimetameta, lakini nitrati ilipanda kila nilipopima na mwani ukatambaa juu ya mawe. Sponji hushika kinyesi na mabaki ya chakula, ila uchafu huo bado umo mle mle maji yanamopita. Usipoiosha mapema, unaoza na kutoa amonia, bakteria wanaigeuza kuwa nitriti, halafu nitrati. Skima huuwahi uchafu kabla haujaoza. Inachanganya hewa na maji yakawa mapovu madogo mno, protini na mafuta yananata kwenye mapovu hayo, kisha povu linapanda shingoni na kumwagikia kikombeni. Ndilo povu lile lile tunaloliona ufukweni bahari ikichafuka wakati wa kusi. Kwenye maji yasiyo na chumvi mapovu huungana yakawa makubwa, ndiyo maana wafugaji wa samaki wa mtoni hawaitumii.

Ikiwa mpya itafurika maji matupu, usiirudishe dukani. Baada ya wiki moja hivi yangu ilitulia, ikaanza kutoa uchafu mzito, rangi ya chai ya rangi, unaonuka vibaya sana. Nikimwaga kikombe kile nafurahi kweli.

Kero zipo. Pampu inavuma usiku. Shingo lazima niifute mara kwa mara, maana utando wa mafuta ukishika, povu halipandi. Nikilisha chakula chenye mafuta, povu hulala kwa saa kadhaa. Umeme ukikatika, samaki wanapoteza chanzo kikubwa cha oksijeni, kwa hiyo nimeweka pampu ya hewa ya betri.

Na msidanganywe kwamba inamaliza kazi yote. Haiondoi amonia iliyokwisha yeyuka majini. Kipimo kikionyesha amonia, tafuta samaki aliyefia nyuma ya mawe, au punguza chakula. Mimi bado nabadilisha maji, kama asilimia 10 kila wiki. Kwa joto letu maji hupungua upesi na chumvi hubaki, hivyo najazia maji yasiyo na chumvi ili nisivuke gramu 35 kwa lita. Maji ya kisima chetu niliyapima nikakuta yana nitrati tayari, ndipo nikahamia maji ya RO, yaani yaliyosafishwa kwa kusukumwa kwenye utando mwembamba sana.

Ukinunua, chukua iliyoandikwa ujazo mkubwa kuliko tangi lako, hasa ukiwa na samaki wengi. Tangi la chini ya lita 100 ningeliacha bila skima. Kubadilisha lita 10 au 15 kila wiki ni kazi ya dakika chache, na gharama yake ni ndogo.