Bei ya kwenye kioo na bei ya haki: uzoefu wangu wa kununua gari lililotumika kutoka yadi ya magari

Gari langu lilitengenezwa 2017, injini ya lita 1.5, gia otomatiki, na siku nilipolikuta yadi odometa ilisoma kilomita 92,000. Nililinunua 2024 kwa muuzaji wa magari, si kwa mtu binafsi. Kiasi cha fedha sitakitaja, maana kila soko lina bei zake na hesabu yangu isingemfaa mtu wa kwingine. Bei iliyobandikwa kwenye kioo cha mbele nitaiita 100, na mengine yote nitayapima kwa hiyo.

Nililipa 87. Baada ya kulitumia miezi saba, naamini ililingana na gari. Ila siku ya kwanza nilikuwa tayari kulipa 97 na kuona nimepunguziwa vizuri, na hapo ndipo nilipojifunza jambo kubwa: punguzo halina maana yoyote kama hujui linatoka kwenye bei ipi. Muuzaji ndiye aliyeandika ile 100. Angeandika 110, angenipunguzia 13 na ningetoka nikiwa na furaha zaidi.

Kwa hiyo nilirudi nyumbani bila kulipa hata malipo ya awali, ingawa niliambiwa kuna mteja mwingine anakuja jioni. Nilikusanya matangazo ya magari ya aina ileile, nikapata kumi na manne. Matano niliyatupa: mawili yalikuwa na injini kubwa zaidi, moja gia za kawaida, na mawili yalipishana na langu kwa zaidi ya kilomita 20,000. Tisa yaliyobaki niliyapanga kuanzia la chini hadi la juu. La chini lilikuwa 84, la juu 104, na la katikati kabisa, la tano, lilikuwa 93. Nilichukua la katikati badala ya wastani kwa sababu tangazo moja la mtu mwenye tamaa, au la mwenye shida ya haraka, linauvuta wastani upande wake. Halafu hizo ni bei za kuomba tu. Aliyeuza kweli huenda alipokea pungufu.

Sasa 93 ni bei ya gari la kawaida la umri ule. Swali lililobaki ni kama hili la kwangu lilikuwa la kawaida. Gari la mwaka mmoja huuzwa kwa umri wake, lakini likifika miaka saba huuzwa kwa hali yake. Mawili yaliyotoka kiwandani siku moja yanaweza kuwa mbali kabisa.

Nilimlipa fundi asiyehusiana na yadi aje kulikagua. Gharama yake ilikuwa chini ya 1, na katika fedha zote nilizotumia, hiyo ndiyo iliyonirudishia zaidi. Muuzaji hakukataa ukaguzi, nampa sifa kwa hilo. Angekataa ningeondoka.

Fundi alianza na matairi. Ubavuni kwa kila tairi kuna tarakimu nne za tarehe: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Matatu yaliandikwa 2318, yaani wiki ya 23 ya mwaka 2018. La nne liliandikwa 4015. Tairi hilo lilikuwa kongwe kuliko gari lenyewe, limetolewa kwingine na kufungwa pale ili seti itimie. Kashata, yaani meno ya tairi yanayogusa barabara, zilikuwa bado nene, kwa hiyo kwa macho ningeyapitisha yote, lakini mpira huzeeka hata usipotembea, na baadhi ya watengenezaji wa magari hushauri kubadilisha tairi likifika miaka sita. Nikaandika: toa 3.

Kisha mkanda wa taiming, unaolinganisha mwendo wa valvu na pistoni ndani ya injini. Injini nyingine zina cheni, hii ina mkanda, na watengenezaji wengi hupanga ubadilishwe karibu na kilomita 100,000. Hakukuwa na risiti wala stika ya kuonyesha kwamba umeshabadilishwa. Mkanda ukikatika kwenye injini kama hii, valvu hugongwa na pistoni, na hapo hesabu inakuwa ya injini nzima. Toa 3 nyingine, pamoja na pampu ya maji ambayo hubadilishwa kwa kazi hiyohiyo.

Bodi ndiyo iliyochukua muda. Fundi alikuwa na kipimo cha unene wa rangi, na karibu kila alipokigusisha kilisoma kati ya mikroni 100 na 140, unene wa kawaida wa kiwandani. Mlango wa nyuma kulia ulisoma zaidi ya 300, na ukingo wake wa chini ukapita 1,000. Hiyo si rangi peke yake, kuna puti chini yake, ile ya kujazia bodi iliyobonyea. Siku ya kwanza niliambiwa gari halijawahi kugongwa. Nilipomwonyesha muuzaji kipimo alinyamaza kidogo, akasema, "Bosi, lilikwaruzwa tu getini." Tulikagua sakafu ya buti, nguzo ya mlango na maungio ya kuchomelea, yote yalikuwa yamenyooka, kwa hiyo sikuliogopa gari. Lakini siku nitakapoliuza, mtu mwingine naye atakuja na kipimo. Toa 4.

Kuna jambo tulilolishuku likawa halina kitu, na ni haki nilieleze. Fundi alipochomeka mashine ya kusoma kompyuta ya gari, hakuna kosa lililotokea, ila majaribio ambayo kompyuta hujifanyia yenyewe mengi yalionyesha hayajakamilika. Hali hiyo hutokea kumbukumbu inapofutwa, na wapo wanaoifuta ili kuzima taa ya injini kabla mteja hajafika. Muuzaji alisema wamebadilisha betri wiki ile. Kweli betri ilikuwa mpya. Tukaomba gari liendeshwe, tukarudi baada ya siku tatu, na majaribio yote isipokuwa moja yalikuwa yamekamilika bila kosa. Kilomita nazo zilionekana za kweli: kitabu cha matengenezo kilionyesha 71,000 mwaka 2022, na uchakavu wa pedali ya breki na kiti cha dereva ulikubaliana na 92,000.

Breki pedi zilizolika nusu sikuzitoa kwenye hesabu. Na yale magari tisa ya kwenye matangazo yana pedi zilizolika. Ukimtolea muuzaji kila mkwaruzo hatakuchukulia kwa uzito pale utakapofika kwenye mambo ya kweli.

Nikaongeza 2 kwa ajili ya waranti ya miezi mitatu ya injini na gia boksi, maana mtu binafsi hakupi hata siku moja. Mwaka 1970 mchumi George Akerlof alilitumia soko hilihili la magari yaliyotumika kueleza kinachotokea muuzaji anapojua hali ya bidhaa na mnunuzi hajui, na mwaka 2001 alikuwa mmoja wa watatu waliopata tuzo ya Nobel ya uchumi. Waranti, kwa macho yangu, ni muuzaji kuweka fedha zake juu ya maneno yake, na hiyo ina thamani. Hivyo 93, toa 10, ongeza 2: bei yangu ya haki ikawa 85.

Mazungumzo yenyewe sikuyapenda. Kabla hatujagusa bei niliulizwa naweza kulipa kiasi gani kwa mwezi. Swali hilo likataliwe kwa upole mpaka bei ya gari ifungwe, kwa sababu ukirefusha miezi, gari lolote huonekana rahisi. Riba waliyoitaja ilikuwa asilimia 10 kwa mwaka kwa miaka mitatu, lakini ilihesabiwa juu ya mkopo wote wa mwanzo, hata kwa sehemu uliyokwisha kuilipa. Ukiihesabu kwa deni linalopungua inakaribia asilimia 18. Nililipa taslimu.

Nilianza na 82 nikiwa na karatasi mezani, mstari kwa mstari. Alishuka hadi 90, akakwama. Tulipofika 87 tukashikana mikono, halafu ikaletwa karatasi yenye "gharama za maandalizi", 3 zaidi. Nilisema 87 ni fedha zote zitakazotoka mfukoni mwangu, na kalamu nikaiweka chini. Walizifuta. Niseme wazi kwamba hili lilinikera kuliko ule mlango, maana mlango aliurithi, lakini karatasi ile aliiandaa mwenyewe.

Mkanda na pampu viligharimu 4 badala ya 3. Mwezi wa tano tangu nilinunue, kompresa ya kiyoyozi ilikufa, nje ya waranti, ikala 2. Injini na gia boksi havijanisumbua. Mwezi uliopita rangi ya ule mlango wa nyuma ilianza kufura chini, palepale kipimo kiliposoma zaidi ya 1,000. Fundi wa bodi ameniambia 3 kuukwangua na kuupaka upya. Nilikuwa nimetoa 4.