Ati mamangu mkubwa hajui Kiswahili! Uzoefu wangu na apu ya mazoezi ya kusikiliza

Naandika na hasira bado ziko juu kwa hivyo mnisamehe nikirukaruka. Jina la hiyo apu silitaji, sitaki kesi, lakini walimu wenzangu mlioinunua mtaijua kwa tabia zake.

Mie nafundisha Kiswahili wageni, watu wazima, chumba changu kiko Mji wa Kale hapa Mombasa na wengine nawafunza kwa simu wakiwa kwao. Kusoma wanasoma, kuandika wanaandika vizuri kuliko watoto wetu wengine, lakini mtu huyo huyo akishuka Mwembe Tayari, konda akimuuliza aenda wapi, abaki amekodoa macho. Masikio hayajafunguka. Enzi nilizoanza ilikuwa kaseti, wanasa taarifa ya habari redioni, utepe ukitoka warudishia kwa kalamu ya Bic, na ulikuwa unafundisha. Halafu zikaja voisi za WhatsApp nikadhani nimefika. Sasa kila mwalimu ninayekutana naye aniambia kuna vifaa vya mtandaoni, wapandisha sauti yako, chenyewe chaandika maneno, chatunga maswali, chasahihisha, wewe wanywa kahawa. Kahawa yenyewe sijainywa mpaka leo.

Nikalipa shilingi 2,400 za mwezi. Kulipa hapo hakuna tatizo, M-Pesa imekubali kabla sijatoa kidole. Nawapa hiyo, kwenye kupokea pesa ni hodari.

Siku za mwanzo nilihangaika lakini makosa mengi yalikuwa yangu nasema ukweli. Nilikuwa napandisha faili za WAV, sijui nini WAV, bando la wiki likaisha siku moja, mpaka mtoto wa dadangu akaja akacheka, khaleti, dakika moja ya hiyo kitu ni karibu megabaiti 10, igeuze MP3 itakuwa kama 1 tu. Akanionyesha Audacity, programu ya kuhariri sauti, hiyo ni ya bure kabisa wallahi, nikajifunza kukata pale mtu anapokohoa na kupunguza ule mvumo wa feni. Kurekodi nilikuwa narekodia sebuleni, tuktuk zapita, adhana, muuza samaki, nikahamia ndani ya kabati la nguo nimejifunika shuka na joto lote hili la Mombasa. Sauti ikatoka safi kama ya redio. Hapo nilifurahi, sitaficha, nilifurahi kama mtoto wa Idi.

Sasa nikasema wanafunzi hawa wasisikie mimi tu kila siku, mie nawasemesha polepole kama mgonjwa. Nikaenda kwa mamangu mkubwa, mtu wa Kibokoni, kazaliwa hapo kakulia hapo, nikamwambia nieleze wali wa nazi wapikwaje. Mama akaanza kama anavyoanza siku zote, kuna mtoto alikuwa apita hapo mlangoni akamwita, "Ndoo mwanangu, ndoo uone mtele waoshwa vipi, na usiteke, watoto wa siku hizi mwateka kila kitu." Dakika tatu nzima, rekodi tamu, unasikia mpaka mbuzi ya nazi ikikwaruza. Nikaipandisha. Nikabonyeza itunge maswali. Nikalala.

Asubuhi somo laanza, nimewatumia linki, sikuyapitia maswali. Haya, hilo kosa langu, mwalimu hupitia kwanza. Lakini hebu sikilizeni ilichofanya. Kichwa cha zoezi: KUTEKA MAJI NYUMBANI. Nikasoma mara mbili. Swali la kwanza, msimulizi anamwomba mtoto wake ampe nini? A sahani, B ndoo, C kijiko. Jibu sahihi eti ni B! Mtoto aambiwa njoo, apu imemletea ndoo ya maji! Na "usiteke", yaani usicheke, imekuwa usiteke maji, ndoo nayo iko tayari, basi hadithi yote ikahamia kisimani. Mtele ikauruka kabisa, imeacha pengo, wali wa nazi hauna mchele.

Nilicheka kidogo, sikatai. Halafu nikaona majibu ya mwanafunzi wangu mmoja, mama wa Kijerumani, mtu mzima mwenye bidii, miezi mingi namfunza. Yeye hakuchagua A wala B wala C, ameandika pale chini kwenye maoni, "hakuomba kitu, anamwita mtoto aje." Amesikia! Huyu ambaye mwaka jana alikuwa hajui konda asema nini, amemsikia mamangu mkubwa na Kimvita chake, Kiswahili chetu cha Mombasa, na ameelewa, na apu imempiga alama nyekundu, sifuri, na kijimdomo cha kununa juu yake. Akaniandikia, mwalimu samahani, nitajitahidi zaidi. Hapo ndipo kicheko kilipokwisha.

Nikaenda kwenye chati ya kastama kea. Nikaeleza kwa adabu, naapa, kwa adabu. Nikasema hapa kwetu twasema ndoo kwa njoo, ndia kwa njia, ndaa kwa njaa, mtele kwa mchele, kuteka kwa kucheka, si makosa, ni Kimvita, na ndoo ya maji pia tunayo, mtu wa kwetu hachanganyi. Nikasubiri kama saa moja hivi. Jibu likaja, nimelihifadhi: habari mteja wetu mpendwa, programu yetu imefunzwa Kiswahili fasaha, kwa matokeo bora tunakushauri utumie msemaji anayejua Kiswahili vizuri zaidi.

ANAYEJUA KISWAHILI VIZURI ZAIDI.

Mamangu mkubwa. Wa Kibokoni. Mtu ambaye ukikosea ngeli mbele yake akukatiza kabla hujamaliza sentensi. Yaani nilisimama nikaketi nikasimama tena. Mwaka 1928 wakubwa walikutana hapa hapa Mombasa wakachagua Kiunguja, cha Zanzibar, kiwe ndicho sanifu, wakakiacha Kimvita, sawa, yalipita, twafundisha sanifu na mitihani twatahini sanifu, mie mwenyewe darasani nasema njoo. Lakini hakuna aliyesema siku ile kwamba watu wa Mvita hawajui Kiswahili! Sasa kijana sijui yuko wapi, pengine hata si mtu ni mashine yajibu, ndiye wa kuniambia nitafute msemaji. Nimtafute wapi, dukani?

Nikaandika nyota 1, nikaandika na maneno mengine nikayafuta.

Sasa sijui niseme vipi. Siku mbili tatu baadaye akaniandikia mwingine, huyu ana adabu, aliniita mwalimu, akaomba radhi ya mwenzake, akanionyesha kumbe kuna mahali unabonyeza maandishi yote yafunguka, wasahihisha neno kwa neno kwa mkono wako, na kuna orodha waweka maneno yako ili safari nyingine iyajue. Nikaweka ndoo, mtele, teka, ndia, ndaa. Dakika ishirini tu. Nikapandisha tena na kweli mtele ukatokea. Ndoo bado mara yatambua mara yaleta ya maji. Na kuna kitu kimoja sitakinyima haki, ule uwezo wa kupunguza mwendo bila sauti kuwa nzito kama ya jini, na mwanafunzi kurudia sentensi moja tu badala ya rekodi nzima, hiyo imenisaidia kuliko kaseti zote za maisha yangu. Yule mama wa Kijerumani asema amerudia sentensi ya mbuzi ya nazi mara kumi na nne. Nikapandisha nyota 3.

Halafu nikagundua maandishi yajitokeza yenyewe kwenye skrini sauti ikianza. Wanafunzi walikuwa wanasoma, hawasikilizi! Mara ya kwanza mtu asikie tu ajue habari ni ya nini, mara ya pili ashike maneno, maandishi ni ya mwisho kabisa, hili hata mwalimu wa jana analijua. Kuyazima inabidi uingie kila zoezi moja moja, na kila ukihariri yajirudisha. Nikashusha nyota 2. Sasa hivi ziko 2, nikimaliza kuandika huenda zikawa 1.

Mwenye kunifuata ajue, mazoezi ya kusikiliza msiiachie itunge peke yake, hasa kama msemaji wenu ni wa pwani. Kama sauti zenu ni za sanifu tupu pengine mtaipenda, sijui, nyie si nyinyi mliotukaniwa mama.

Mama mwenyewe nilimweleza, nilidhani atakasirika. Akaniambia nimpe hiyo simu. Akarekodi voisi, akaniambia mpelekee huyo kijana: "Ndoo kwangu mwanangu, nikupikie wali, ukila utaelewa."

Nimeipeleka juzi. Imesomwa, haijajibiwa. Mwezi umekwisha, wananikumbusha nilipe, sijalipa, na akaunti sijaifuta.