Mbegu ya ngano kwa mashamba makavu: uliza koleoptili kabla ya kulipa

Kila msimu wa kupanda Narok ya chini, hapa Kenya, malalamiko ni yale yale. Mkulima amenunua mbegu aliyoambiwa inavumilia ukame, amepanda, mvua imekuja, na shamba limeota mabaka. Muuzaji anasingizia ndege. Jirani anasema mbegu ni bandia. Kabla ya kumwamini yeyote, fukua mahali pasipoota. Ukikuta punje imeoza, au ingali kavu kama ilivyotoka guniani, lawama ni ya mbegu au ya unyevu. Ukikuta chipukizi la manjano limejikunjakunja chini ya udongo, jani limechomoza pembeni kabla ya kufika juu, basi mbegu ilikuwa hai na ilijitahidi. Ilichokosa ni koleoptili ndefu.

Koleoptili ni ile ala nyeupe yenye ncha inayolifunika jani la kwanza na kulipasulia njia udongoni. Ikifika mwisho wa urefu wake kabla ya kuuona mwanga, jani hutoka peke yake, na jani laini haliwezi kusukuma udongo. Ngano ndefu za zamani zina koleoptili ya sentimita 10 au zaidi. Ngano fupi za kisasa nyingi zina sentimita 5 hadi 8, na udongo wenye joto kali huipunguza zaidi. Chanzo chake kinajulikana. Ufupi huo ulitoka kwa Norin 10, ngano ya Japani ambayo mbegu zake zilifika Marekani mwaka 1946, kisha mtafiti wa ngano Norman Borlaug akaitumia kule Meksiko. Jeni zake, Rht-B1b na Rht-D1b, huufanya mmea usiitikie homoni ya kurefusha seli. Bua hubaki fupi, ngano hailali (haianguki chini) hata ukiitilia mbolea, na mavuno hupanda. Ila jeni hizo hizo hufupisha pia koleoptili.

Sasa mpeleke mkulima huyo kwenye eneo kavu. Juu pamekauka, unyevu uko sentimita 8 chini, dereva anashusha planta, mashine ya kupandia, kuufuata. Ndipo mbegu yenye sifa zote za ukame inapofia, kabla ukame wenyewe haujaanza. Kwa hiyo hapa sitapanga aina kwa magunia kwa ekari wala kwa ubora wa unga. Vipeperushi vimejaa hayo. Urefu wa koleoptili hauandikwi popote kwenye gunia, na hilo ni kosa kubwa kwa mtu anayelipia mbegu iliyoidhinishwa.

Koleoptili utaipima mwenyewe, kama nitakavyoeleza; aina nazipanga kwa uvumilivu wa ukame na kinga ya kutu, ugonjwa wa kuvu unaoshambulia majani na mabua. Chaguo langu la kwanza ni Njoro-BW1, na nitaitetea bila kificho. Ilitolewa mwaka 2001 na taasisi ya utafiti ya KARI, ambayo leo ni KALRO, baada ya mbegu kupigwa mionzi ya gama kwa msaada wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki. Ilichaguliwa kwa lengo la kuvumilia ukame na kutumia vizuri mvua chache. Haikuletwa kwanza kwa sababu nyingine, kisha ikabandikwa sifa ya ukame dukani. Unga wake ni mzuri, na kwa kutu ina kinga ya wastani tu, hivyo bajeti ya dawa lazima iwepo. Shida yake ni kupatikana. Iagize mapema, miezi kadhaa kabla ya mvua, na usikubali kubadilishiwa kaunta.

Ya pili ni Kingbird, iliyotokana na kazi ya CIMMYT, kituo cha kimataifa cha utafiti wa mahindi na ngano. Nguvu yake ni kinga dhidi ya kutu ya shina, iliyojengwa kwa jeni kadhaa ndogo badala ya jeni moja kubwa. Kwa mkulima wa eneo kavu hilo ni jambo zito: anayevuna kidogo hawezi kunyunyiza dawa mara tatu. Kama sehemu yako hupata umande mwingi asubuhi, ambao hulea kutu, hasa mashamba yaliyo karibu na milima, ipandishe iwe ya kwanza.

Duma, Ngamia na Chozi naziweka pamoja nafasi ya tatu. Ni za miaka ya 1990, zililengwa maeneo yenye mvua haba, na mbinu yao kubwa ni kukomaa mapema ili ukame wa mwisho wa msimu uwakute punje zimejaa. Mbinu hiyo inafaa sana, maana kiu ikiikuta ngano inapojiandaa kutoa masuke huua chavua na suke hubaki na mapengo. Lakini zilizaliwa kabla ya kutu ya Ug99, iliyogunduliwa Uganda mwaka 1998, kutuvuruga. Zipande pale tu unapoweza kukagua mabua kila wiki.

Eldo Ngano 1 ya mwaka 2014, iliyotoka Chuo Kikuu cha Eldoret, ni mbegu nzuri ya kutu. Usiinunue kwa hoja ya ukame peke yake. Aina ya Robin siipendekezi: kinga yake ilivunjwa na aina mpya ya kutu ya shina mwaka huo huo wa 2014.

Na ngano za jadi? Kenya haina za kale kama za Ethiopia. Zetu zilianza na walowezi mwanzoni mwa karne ya 20. Ngano ndefu huchomoza kutoka chini sana, hutoa majani mengi ya kulisha mifugo, na sukari iliyohifadhiwa buani husaidia kujaza punje mvua inapokatika. Ila nguvu nyingi huishia kwenye bua, na ukitia mbolea ya kutosha hulala. Kwenye ukame wa wastani ngano fupi iliyoota vizuri bado huzidi kwa mavuno. Ndefu inastahili kipande cha shamba pale mifugo inapotegemea mabua.

Ngano ya ghalani inayouzwa kwa bei ya chee kama mbegu: hapana.

Kabla ya kununua kwa wingi, omba kilo moja ya aina unayoitaka na uipime. Chagua punje 20 zinazolingana ukubwa, kwa sababu punje kubwa hutoa koleoptili ndefu na zitakudanganya. Zipange kwenye kitambaa cha pamba kilicholowa na kukamuliwa, kiini kikielekea chini, kunja, kisha simamisha ndani ya mfuko gizani kwa siku 10. Giza ni lazima. Mwanga hukatisha ukuaji wa koleoptili. Pima kutoka kwenye punje hadi pale jani linapotokea, kisha tafuta wastani. Kina chako cha mwisho cha kupanda ni wastani huo ukitoa sentimita 2. Ukipata 7, usipite 5. Usipoamini kitambaa, tumia ndoo nne za udongo wa shamba lako, panda kwa kina cha sentimita 4, 6, 8 na 10, halafu hesabu zilizoota.

Uliza pia mbegu imepakwa dawa gani. Dawa za kuvu za kundi la triazoli, kama triadimenoli na tebukonazoli, huzuia fugwe, ugonjwa wa kuvu unaogeuza masuke kuwa unga mweusi, lakini huweza kufupisha koleoptili. Kama mbegu imepakwa, pima iliyopakwa, si ile iliyo tupu.

Kiasi nacho kinauzwa vibaya. Gunia la kilo 50 kwa ekari hutajwa kila mahali, hata pasipo na maji ya kulisha mimea yote hiyo. Zidisha mimea unayotaka kwa mita mraba na uzito wa punje 1,000 kwa gramu, ugawe kwa asilimia unayotarajia iote. Mimea 150, punje za gramu 38, asilimia 70: kilo 81 kwa hekta, yaani kama 33 kwa ekari. Kilo 17 zilizobaki humnufaisha muuzaji, na shambani hunywa maji ambayo masuke yatayahitaji.

Wauzaji wengi watakupa kilichojaa stoo na kukiita cha ukame. Dai lebo ya KEPHIS, shirika la serikali linalokagua mbegu na afya ya mimea, yenye namba ya shehena, risiti yenye jina la aina, na uweke gramu 500 kando kwenye mfuko uliofungwa hadi uvune. Shamba likiota mabaka, sampuli hiyo na risiti ndiyo madai yako.