Mashine ya kanda ni nzima, huduma ni mbovu, ingawa si mbovu yote

Kijana yule alicheka kwanza, ndipo akauliza shida ni nini. Nilikuwa nimetoka Tanga na basi la alfajiri, mashine ya kusomea kanda nimeifunga kwa kanga mbili na kuipakata njia nzima ili isigongwe, na kitu cha kwanza nilichopokea katika duka lile la Kariakoo kilikuwa kicheko mbele ya wateja watatu. "Mama, hii peleka makumbusho. Siku hizi kuna flashi." Nikamwambia, "Mwanangu, flashi ninazo, ila ninachokitafuta hakimo kwenye flashi," nikatoa mkobani kanda moja yenye lebo ya mwandiko wangu mwenyewe, ya mwaka 2001. Akaigeuzageuza, akawauliza wale wateja kama wanaijua taarabu iliyomo. Wakacheka wote wanne.

Naeleza hili mapema kwa sababu hasira yangu ilianza kabla ya kazi yenyewe kuanza, na anayesoma tathmini hii anapaswa kulijua hilo.

Kwa miaka mingi nilikuwa karani katika ofisi binafsi ya upimaji wa ardhi. Kila Ijumaa jioni, kabla ya kufunga, mimi ndiye niliyekuwa nikiingiza kanda kwenye mashine, nikiianzisha NTBackup, programu ya kuhifadhi nakala za faili za kompyuta iliyokuja na Windows 2000, kisha nikiondoka na kuiacha mashine ikinguruma peke yake. Kanda zenyewe ni za aina ya DDS-3. Utepe wake una upana wa milimita 4 na urefu wa mita 125, na kila moja hubeba gigabaiti 12, kiasi ambacho enzi zile tulikiona hakiwezi kujaa. Ofisi ilipofungwa na mwenyewe kustaafu, nilikabidhiwa sanduku la kanda tisa, mashine na kadi yake ya SCSI inayoiunganisha na kompyuta, nikaambiwa nizitunze kwani huenda siku moja zikahitajika. Zimehitajika. Majirani wawili wanagombania mpaka wa kiwanja, mawe ya mpaka hayaonekani, faili la karatasi limeliwa na mchwa, na hesabu zote za koordinati zimo ndani ya kanda.

Nilidhani ni suala la kuchomeka tu. Kumbe programu ya NTBackup iliishia kwenye Windows XP na Server 2003. Windows Vista ilikuja bila hiyo, Server 2008 ikaletewa programu nyingine ya kuhifadhi nakala isiyoijua kanda kabisa, na Windows 7 ikaondoa hata ile huduma ya ndani iliyokuwa ikisimamia kanda. Microsoft walitoa kifaa kidogo cha kurejesha nakala za zamani, lakini katika mifumo hiyo mipya kinasoma faili iliyokwisha kuwekwa kwenye diski, wakati faili zangu zimo kwenye utepe. Ni kama mwenye nyumba aliyebadilisha kitasa huku vyombo vyako vikiwa ndani, kisha akakuambia funguo ya zamani bado ni halali ukishavitoa vyombo nje. Kuna mtu pia alinishauri kwa nia njema ninunue mashine mpya zaidi, ya DAT 160, inayochomekwa kwa USB bila kadi yoyote, nami nilikuwa karibu kulipa nilipogundua kwamba utepe wake ni wa milimita 8 na kwamba katika kanda za nyuma inasoma DAT 72 na DDS-4 tu. DDS-3 haimo.

Kwa hiyo nilikwenda Kariakoo kutafuta mambo mawili: mashine ipimwe kama bado nzima, na nipate kompyuta yenye tundu la PCI la kuingizia ile kadi, kwa sababu kompyuta ya mpwa wangu, kama zilivyo nyingi za siku hizi, haina tundu hilo. Kuhusu la pili, kijana alinionyesha kwa mguu kompyuta ya mezani iliyokuwa chini ya benchi, imejaa vumbi, nikaichukua kwa shilingi 60,000. Kuhusu la kwanza, niliiacha mashine kwake, nikalala kwa dada yangu Temeke, na niliporudi siku mbili baadaye nikaambiwa kwa mkato kwamba "hedi zimekufa", yaani vichwa vinavyosoma utepe, na kwamba nadaiwa shilingi 20,000 za kuangalia. Nikauliza ameangalia nini hasa. Akasema ameifungua, ameichomeka, haisomi. Nikalipa, nikaifunga tena kwa kanga zangu, nikaondoka. Sikuikagua nyuma, na kosa hilo ni langu.

Tulipofika nyumbani mpwa wangu aliweka Debian 12, mfumo wa Linux badala ya Windows, kwenye ile kompyuta ya vumbi, na hapo nilipata furaha yangu ya kwanza, kwa sababu kadi ile ya miaka ya tisini, ambayo hatukuipatia draiva (programu ya kuiendeshea) ya biti 64 ya Windows hata baada ya kutafuta usiku kucha, huku ilitambuliwa bila kuulizwa chochote; draiva yake ya aic7xxx bado imo ndani ya mfumo. Lakini furaha ilidumu kwa muda wa kuchemsha chai. Mashine ilionekana, ikapotea, ikaonekana tena. Ilipokubali kanda, ilizungusha kidogo, ikasita, na skrini ikajaa maonyo kwamba amri imekatishwa na njia ya mawasiliano inaanzishwa upya. Tulisafisha hedi kwa kanda ya kusafishia, tukabadilisha kebo, tukabadilisha namba ya kifaa, na kwa wiki mbili hivi nilianza kuamini kwamba yule kijana, pamoja na ufedhuli wake wote, alisema kweli.

Jibu nililiona nikiwa napangusa vumbi. Nyuma ya mashine kuna soketi mbili za kufanana. Moja ilikuwa na kebo. Ya pili ilikuwa wazi, na sijawahi kuiona ikiwa wazi katika miaka yote niliyofanya kazi nayo, kwa sababu pale hukaa terminata, kidude cheusi cha ukubwa wa kiberiti ambacho fundi aliyetufungia mitambo ofisini alinionya nisikiguse hata wakati wa kufagia. Njia ya SCSI lazima ifungwe ncha zote mbili. Kadi hufunga ncha ya kwanza, terminata hufunga ya mwisho, na isipokuwepo mawimbi ya umeme yakifika mwisho wa kebo hurudi nyuma kama sauti iliyoitwa kisimani, yakagongana na yanayokuja. Mashine haisikii vizuri, kompyuta haisikii vizuri, na kila moja inamlaumu mwenzake. Hedi zangu hazikuwa zimekufa. Kijana aliichomoa terminata, akapima mashine bila hiyo, haikusoma, akanitoza shilingi elfu ishirini kwa matokeo ya kosa lake mwenyewe, kisha akanirudishia mashine pungufu.

Nilipiga simu. Akasema hakumbuki kitu kama hicho. Nikapanda basi tena, na wakati huu nilikuwa nimepanga maneno yangu tangu Segera. Sikuyahitaji. Niliingia dukani nikaiona terminata yangu juu ya meza yake, imekandamiza bunda la risiti zisipeperushwe na pangaboi. Nilinyoosha kidole tu. Aliitazama, akanitazama, akasema, "Kumbe hii ndiyo?" Akaiinua, risiti zikaruka hadi mlangoni, akaifuta kwenye shati lake na kunikabidhi kwa mikono miwili. Hakusema samahani. Aliniletea kiti, akatuma mtoto akanunue soda, na alipokuwa akiokota risiti zake aliniuliza kwa sauti ya chini kama ndani ya kanda mna hesabu za viwanja kweli. Nikamwambia mna hesabu za viwanja. Hakucheka.

Terminata iliporudi mahali pake mashine ilitulia mara moja, kana kwamba hakuna lililotokea. Matatizo yaliyobaki yalikuwa ya kwetu wenyewe. Mpwa wangu alikuwa akitumia jina la kifaa /dev/st0, ambalo kila amri inapomalizika huirudisha kanda mwanzo, kwa hiyo tulisoma kipande kilekile cha kwanza mara nne tukidhani kanda nzima ina maandishi yaleyale. Ukitumia /dev/nst0 kanda hubaki ilipofika. Kisha mfumo ukalalamika kwamba hauna kumbukumbu ya kutosha, jambo lililotuchanganya kwa sababu kumbukumbu ilikuwa tele. Maana halisi ilikuwa kwamba tunaomba kipande kidogo kuliko kile kilichoandikwa kwenye utepe. Tuliweka ukubwa wa kipande kuwa sifuri, yaani usiwe na kipimo maalumu, tukaomba hadi kilobaiti 64 kwa mara moja, na skrini ikaonyesha herufi nne za kwanza za kanda: TAPE. Ndivyo kila kanda iliyoandikwa na NTBackup inavyoanza. Mistari michache chini yake yalikuja majina ya folda zetu, kila herufi imetenganishwa na nukta, M.A.K.O.R.O.R.A, nami nikakaa chini.

Yaliyomo tuliyageuza kuwa faili la tar, yaani furushi la mafaili, kwa programu ndogo iitwayo mtftar, na kutoka hapo ni kazi ya kawaida. Kanda saba kati ya tisa zimesomeka mwanzo hadi mwisho. Moja ni tupu kabisa, na lebo yake ni ya Ijumaa ambayo bila shaka niliondoka mapema. Moja imetafunwa, utepe umejisokota ndani ya mashine, na hiyo imenibidi niilaumu mashine niliyokuwa nikiitetea muda wote huu. Hesabu za kiwanja kinachogombaniwa zimo kwenye kanda ya nne.

Sasa mashine naipa nyota tano, au niseme nne na nusu kwa ajili ya ile kanda iliyotafunwa, na yeyote mwenye kanda za zamani kabatini asiitupe mashine yake kwa neno la mtu ambaye hajaangalia soketi ya pili. Duka nilikuwa nimekwisha kuliandikia nyota moja. Lakini ile kompyuta ya shilingi 60,000 aliyonionyesha kwa mguu ndiyo iliyosoma kanda zote saba, nimezunguka maduka mengine matano sikupata yenye tundu la PCI kwa bei hiyo, na wiki iliyopita amenitumia kwa basi kanda ya kusafishia aliyoikuta stoo, bila kunidai hata nauli. Nimeongeza nyota moja, zimekuwa mbili. Tatu sitoi. Ile elfu ishirini bado namdai.