Kozi za mtandaoni za ujenzi wa kijani: ipi inalijua jua la Mwanza?

Msomaji wa Nyegezi, hapa Mwanza, kaniandikia kwa hasira. Amelipia kozi ya majengo rafiki kwa mazingira, cheti kapata, na somo kuu lilikuwa hili: madirisha makubwa yaelekee kusini ili jua lipashe nyumba joto. Joto! Mwanza hii?

Kwa hiyo urefu wa video na uzuri wa cheti leo siugusi. Kabla hujalipa, muulize muuzaji: mwezi wa Juni, saa sita mchana, jua la Mwanza liko upande gani? Tuko kama nyuzi 2.5 kusini mwa ikweta. Juni jua liko kaskazini, Desemba linahamia kusini, na kwa kuwa liko juu sana, upenu wa kawaida unalizuia pande zote mbili. Kazi iko kwenye jua la saa kumi jioni, linalopita chini ya upenu na kuchoma ukuta wa magharibi. Na hapa mjini ziwa liko magharibi! Mandhari, upepo wa mchana na jua kali vyote vinapitia dirisha lilelile. Anayejenga Capri Point, mtaa wa ziwani, hawezi kuziba upande huo, anahitaji kujifunza baraza pana, miti na vizuizi vya wima.

Ya kwanza kwangu, na upendeleo sifichi, ni mwongozo wa UN-Habitat, shirika la makazi la Umoja wa Mataifa, wa usanifu wa majengo ya tropiki kwa Afrika Mashariki, uliotoka Nairobi mwaka 2014. PDF ya bure, na Maziwa Makuu yametengewa kanda yake ya hali ya hewa. Ni mnene, tena Kiingereza kitupu, lakini unazungumzia kwetu.

Ya pili ni EDGE, mfumo wa kupima majengo ya kijani wa IFC, taasisi ya Kundi la Benki ya Dunia. Programu yake ni bure: unaingiza jengo lako, unaona kama umeokoa asilimia 20 ya nishati, ya maji na ya kaboni inayotolewa kutengeneza vifaa vya ujenzi. Pesa inaanza ukitaka jengo lithibitishwe.

Ya tatu, kozi za TU Delft, chuo kikuu cha Uholanzi, kwenye edX, jukwaa la kozi za mtandaoni. Hesabu safi, ila Uholanzi iko nyuzi 52 kaskazini, huko wanawaza kupasha nyumba joto.

YouTube? Ya kupitisha muda kwenye daladala.

Kinachoniudhi ni hawa wa magrupu ya WhatsApp. Wanachukua PDF ya bure, wanabandika nembo yao, wanaandika bei kwa dola, halafu “ofa inaisha leo usiku”. Ofa hiyo tangu mwaka jana haijaisha, na ukiomba risiti unatolewa kwenye grupu.