Uuguzi au ualimu: tumeziweka stashahada mbili kwenye mizani kabla hujalipa ada

Matokeo ya kidato cha nne yakitoka, mabishano huanza sebuleni: mtoto aende uuguzi au ualimu? Mjomba ataleta habari za wito, shangazi ataleta habari za ajira. Kabla ya kuwasikiliza, kichukue cheti ukisome, maana mara nyingi kimeshaamua.

Kwa Tanzania, uuguzi unauliza masomo na ualimu unauliza daraja. Stashahada ya Uuguzi na Ukunga ni ya miaka 3, yaani ngazi za mafunzo ya ufundi (NTA) ya 4, 5 na 6. Kuingia kunahitaji angalau D nne katika masomo yasiyo ya dini, na humo lazima ziwemo Biolojia, Kemia na Fizikia. Mwenye daraja la IV akiwa na D hizo anapokelewa. Mwenye daraja la II la masomo ya sanaa, asiye na Kemia, hapokelewi hata akipiga magoti. Ualimu unataka daraja la I hadi la III, na stashahada ya ualimu wa sekondari ya miaka 2 inamtaka aliyemaliza kidato cha sita akiwa na principal pass mbili, yaani ufaulu kamili katika masomo mawili ya tahasusi. Kwa hiyo ile kauli ya "nikikosa uuguzi nitaingia ualimu" kwa wengi haina mashiko: aliyeingia uuguzi kwa D nne huenda mlango wa ualimu ulishafungwa siku matokeo yalipotoka.

Kuna mtego mwingine ambao huonekana baada ya miaka 3. F ya Hisabati au ya Kiingereza haikuzuii kuanza NTA 4. Lakini muuguzi wa stashahada akitaka shahada, mbali na wastani wa B au GPA (alama za jumla za chuo) ya 3.0, vyuo vikuu vingi hufungua tena cheti cha kidato cha nne na kuangalia masomo hayo mawili pamoja na yale matatu ya sayansi. Mwenye F na ndoto ya shahada arudie mtihani akiwa mtahiniwa wa kujitegemea mapema, wakati vitabu bado viko karibu, asingoje mpaka awe zamu za usiku.

Sasa mafunzo yenyewe. Uuguzi unaanza kwa mambo yanayoonekana madogo: kunawa mikono kwa hatua zake, kutandika kitanda mgonjwa akiwa juu yake, kupima joto, mapigo ya moyo, upumuaji na presha. Kisha inakuja famakolojia, yaani elimu ya dawa, na hesabu za dawa, na hapo ndipo wengi hukutana na sapu, yaani mtihani wa marudio. Hesabu hizo si ngumu, ila hazisamehe. Mfano: mtoto wa kilo 12 ameandikiwa paracetamol miligramu 15 kwa kila kilo. Hiyo ni miligramu 180. Chupa imeandikwa miligramu 120 katika mililita 5, kwa hiyo anapewa mililita 7.5. Dripu ya mililita 1,000 ikitakiwa iishe kwa saa 8, na mpira wake unatoa matone 20 kwa mililita, unazidisha 1,000 kwa 20, unagawa kwa dakika 480, unapata matone 42 kwa dakika. Ukiona mifano hii inakupandisha hasira badala ya hamu, hiyo ni taarifa, usiipuuze.

Tunausifu uuguzi kwa sababu vitendo vyake vina kipimo. Kanula, ule mpira mwembamba wa mshipani, imeingia au haijaingia. Udhaifu uko kwenye karatasi. Chukua leba: kwa partografu iliyozoeleka, yaani chati ya kufuatilia uchungu, mapigo ya moyo wa mtoto husikilizwa kila dakika 30 na mlango wa kizazi hupimwa kila saa 4. Kosa kubwa la wanafunzi si kutojua hilo. Ni kuijaza fomu yote mwisho wa zamu kwa kukisia, wakiiga mkono wa waliowatangulia. Uchungu ukikwama, karatasi inasema kila kitu kilikuwa sawa, na daktari anaitwa akiwa amechelewa. Anayechukia kuandika na akadhani uuguzi ni kazi ya mikono tu, ajue kwamba nusu ya kazi ni kalamu.

Jambo la usalama halisemwi siku ya usajili, na lingepaswa kusemwa kwanza. Chanjo ya homa ya ini B ni dozi tatu: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi 1, ya tatu miezi 6 tangu ile ya kwanza. Chuo kinachokupeleka wodini bila kukuuliza umefikia dozi ya ngapi kinakuchezea. Ukijichoma sindano iliyotumika, osha kwa maji na sabuni, usikamue, toa taarifa saa ileile. Dawa kinga dhidi ya VVU huanzwa ndani ya saa 72, mapema zaidi ndiyo bora, na humezwa kwa siku 28.

Ualimu, kwa upande wake, ni bidhaa inayoonekana rahisi kwa sababu sote tumewahi kukaa darasani. Chuo kinakufundisha azimio la kazi (mpango wa muhula), andalio la somo (mpango wa kipindi), zana, saikolojia ya mtoto, na upimaji. Kipindi ni dakika 40. Kwenye andalio zinagawanyika vizuri sana: utangulizi, maarifa mapya, mazoezi, hitimisho. Darasani dakika tano za kwanza zinaliwa na madaftari yaliyosahaulika na dawati lisilo na mguu. Lengo la shule za msingi ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, lakini yako madarasa yenye idadi inayozidi hiyo mara mbili, na hapa ndipo tunapoupunguzia ualimu alama: mbinu shirikishi za chuoni zimeundwa kwa darasa ambalo mwalimu anaweza kupita kati ya madawati.

Kosa la kawaida la BTP, yaani mazoezi ya kufundisha shuleni, linajulikana na kila mkaguzi. Mwalimu mwanafunzi anauliza, "Mmeelewa?" Darasa linaitika, "Ndiyooo!" Anasonga mbele. Mwenye kipaji haulizi hivyo. Akikuta mtoto ameandika 1/2 + 1/3 = 2/5, hamwambii tu amekosa; anamuuliza kama 2/5 ni kubwa kuliko nusu. Mtoto akigundua kwamba jumla yake imekuwa ndogo kuliko kipande alichoanza nacho, somo limeingia. Ualimu wenyewe ndio huo: kujua kosa limezaliwa wapi. Mengine ni chaki tu.

Kuhusu uchovu, watu hulinganisha vibaya. Wanasema mwalimu ana likizo ndefu na muuguzi ana usiku. Kweli, lakini si yote. Likizo ya mwaka ya mtumishi wa umma ni siku 28 kwa wote wawili. Shule zinapofungwa, mwalimu wa madarasa ya mitihani mara nyingi yuko kambini na watahiniwa. Na piga hesabu hii: mikondo mitatu ya wanafunzi 60 ni madaftari 180. Dakika 2 kwa kila daftari ni saa 6 za kusahihisha, kwa zoezi moja, na zinafanyika nyumbani. Muuguzi akishakabidhi zamu kwa ripoti nzuri, kazi inabaki wodini. Kinachomfuata nyumbani ni usingizi ulioharibika na, siku nyingine, sura ya mgonjwa. Anayehitaji usiku wake kwa mtoto mchanga au mzazi mgonjwa alitilie uzito jambo hili kuliko mshahara.

Fedha tutazipitia haraka. Tangu mwaka wa masomo 2023/24 Bodi ya Mikopo inakopesha pia ngazi ya stashahada kwa fani za kipaumbele, zikiwemo za afya na za elimu. Gharama zinazowashtua wazazi wa wanafunzi wa uuguzi huwa nje ya ada: sare, viatu vilivyofungwa, saa yenye mshale wa sekunde, mashine ya presha, nauli na malazi wakati wa vitendo hospitali ya mbali. Omba orodha yote kwa maandishi kabla ya kulipa.

Ajira haina mteremko upande wowote. Serikali inaajiri kada zote mbili kupitia Sekretarieti ya Ajira, na walimu nao sasa wanapita kwenye usaili; mwaka 2025 waliosubiri miaka kadhaa walikaa foleni moja na waliotoka chuoni juzi. Tofauti iko kwenye muda wa kungoja. Mwalimu asiye na ajira anaweza kufundisha twisheni kesho asubuhi. Muuguzi bila usajili na leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga haruhusiwi kumgusa mgonjwa, na leseni ina mtihani wake baada ya ule wa chuo. Akishaipata, soko lake linavuka mipaka: nchi za Ghuba, kwa mfano, humpima kwa mitihani ya leseni inayosimamiwa na kampuni ya Prometric.

Hukumu yetu? Kwa mwenye sifa za kuingia kote kuwili, uuguzi una mafunzo imara zaidi na ualimu una lango jepesi la kujipatia riziki wakati wa kusubiri. Lakini jipime kwa wiki moja kwanza. Kusanya watoto watatu wa darasa la tano, wafundishe kujumlisha sehemu kwa dakika 40, wape maswali matano, kisha mfundishe upya aliyekosa kwa njia ya pili na ya tatu. Njia ya tatu ikikutoka kwa furaha, una jibu la upande mmoja. Kwa upande wa pili, muuguze ndugu mgonjwa siku mbili: mgeuze kila saa 2, msafishe, andika alichokunywa na alichokojoa kwa mililita. Angalia kama saa 9 usiku bado unaandika kwa ukweli.

Ukishaamua, tafuta jina la chuo kwenye mwongozo wa udahili wa NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya ufundi, wa mwaka huohuo, si wa mwaka jana. Kwa uuguzi, uliza wanafunzi wanafanyia vitendo hospitali gani, wangapi kwa zamu moja, kisha nenda wodini siku moja asubuhi wakati wa kukabidhiana zamu. Ukikuta wanafunzi 15 wamemzunguka mgonjwa mmoja na aliyeshika sindano ni yuleyule kila siku, rudi nyumbani na ada yako.